Mfawidhi mpya, mashine mpya, benchi lilelile: mama yangu kakaa masaa tisa na nusu na nyonga imevunjika

Wakuu, mnivumilie, ni refu na nina hasira. Tangu Jumamosi nimepata usingizi wa kuokoteza chini ya mwembe nje ya geti la hospitali, na ndugu wengine kama ishirini waliotandika mikeka palepale.

Ni hospitali kubwa ya umma huku kwetu Kusini. Sitaji jina lake na msinibane, mama bado yuko mikononi mwao. Wa Lindi mtasema ni ya kwenu, wa Mtwara mtasema ni ya kwenu, na hilo peke yake lingetosha kuwa malalamiko.

Alhamisi, siku mbili kabla ya haya, niko kwenye bajaji, redio inasema uongozi wa hospitali hiyo umetoa taarifa kwa waandishi wa habari. Mganga Mfawidhi mpya, yaani mkuu wa hospitali, kasharipoti. Mashine ya kisasa imefungwa. Jengo liko hatua ya kupaua. Makusanyo ya ndani yamepanda. Wananchi wanaridhika na huduma. Dereva akaongeza sauti. Mimi nilifurahi, sikatai, hata nikasema hewaa, sasa na sisi tumekumbukwa.

Jumamosi alfajiri mama akateleza bafuni kule kijijini. Ana miaka 71. Majirani walipomwinua, mguu wa kulia ukabaki umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Mimi si daktari, lakini hata fundi baiskeli angejua kuna kitu kimetoka mahali pake. Tukamlaza siti ya nyuma ya Noah, tukapita Mnazi Mmoja pale njia panda (msiulize tulikata upande gani), saa 2:40 asubuhi tuko getini.

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimoja, na hakina pa kuwekea miguu. Vile vyuma vilishang'oka zamani, zimebaki tundu mbili zenye kutu. Ukimkalisha mgonjwa, miguu inaburuzika sakafuni. Sasa mwenye nyonga iliyovunjika aburuze mguu korido nzima? Dada yangu akavua kanga ya juu, akaipitisha chini ya unyayo wa mama, akashika ncha mbili na kuuning'iniza mguu kama ndoo ya kisimani, huku anatembea kinyumenyume. Mimi nasukuma. Mama kauma mtandio. Walinzi wakatupisha kwa heshima zote, hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba wameshazoea.

Mapokezi: jina, umri, kijiji, namba ya simu. Nikaitaja namba yangu polepole, binti akaandika, akasema majibu yakiwa tayari tutapigiwa. Ishikeni hiyo namba, nitairudia.

Nikatoa barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mama ni mzee asiye na uwezo. Sera ya Afya ya 2007 iko wazi, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure kwenye vituo vya umma. Binti akaisoma, akairudisha. "Hii lazima ipite ustawi wa jamii, na leo Jumamosi hawapo. Mje nayo Jumatatu." Nikamuuliza, na nyonga nayo isubiri Jumatatu? Akasema, "Kaka, mimi nafuata utaratibu. Kwani nyie watu wa korosho mnakosa hela ya faili?"

Nitatoka nje ya mada kidogo. Wageni wakisikia minada ya korosho ya Oktoba na Novemba wanadhani kila nyumba huku ina gunia la noti chini ya kitanda. Mama ana mikorosho kumi na minne, mingi mizee kama yeye. Hela ya msimu ikiingia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inakuta madeni yamekaa mstari wa mbele kuliko yeye. Msimu wenyewe bado. Nililipa, kwa hela niliyokuwa nimeweka ya ada ya mtoto. Tuendelee.

Benchi. Limewekwa ukutani chini ya bango kubwa: MPISHE MZEE APATE HUDUMA KWANZA. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, mpaka leo anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Akalisoma lote, mguu ukiwa kwenye kanga ya dada. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mzee wanayemsema hapa ni yupi?"

Nilitoka nje kidogo.

Daktari alimwona saa 6:20 mchana. Alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, macho mekundu, mpole kweli. Alimshikia mama mkono kwanza ndipo akamgusa mguu, na alimwamkia, "Shikamoo bibi." Nilimuuliza yuko zamu tangu lini, akasema tangu jana jioni. Akaandika sindano ya maumivu na eksirei. Sindano haipo dirishani. Nikavuka barabara, nikanunua dawa na bomba lake kwenye duka la dawa lililotazamana na geti. Ghala la kanda la Bohari ya Dawa liko hapahapa Kusini, mjini Mtwara, haliko Kagera, na sisemi Bohari ndiyo yenye kosa, nasema kuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kuhakikisha sindano ya maumivu haiishi siku ya Jumamosi. Kwa hiyo dawa ya kwanza iliingia mwilini mwa mama karibu saa saba, zaidi ya masaa manne tangu tuvuke geti.

Eksirei nayo mpaka ulipie, na kulipia mpaka utolewe namba ya malipo, na namba haitoki kwa sababu mtandao umekata. Nikasema nina pesa taslimu, hizi hapa. Hapana, pesa mkononi hairuhusiwi. Naelewa kabisa kwa nini, tulishaibiwa vya kutosha huko nyuma na mfumo umeziba mianya. Lakini mtandao ukikata, utaratibu wa dharura ni upi? Jibu nililopewa: "Subirini urudi." Ulirudi saa tisa kasoro. Mashine ipo, ile ya redioni, ni nzuri kweli, haikuchukua hata dakika kumi. Ila wa kuisoma picha hakuwepo, na yule kijana alikuwa ameitwa wodi ya wazazi kwenye upasuaji. Kitanda tulipata saa 12:10 jioni.

Saa 2:40 asubuhi mpaka saa 12:10 jioni. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa naomba msikimbilie kuwatukana manesi, maana najua mtaanza. Usiku ule wodini kulikuwa na muuguzi mmoja na wagonjwa siwezi kuwahesabu, wengine wawili wawili. Ndiye aliyemtafutia mama mto wa kukinga mguu, na ndiye aliyetuonyesha namna ya kumgeuza ili mgongo usianze vidonda. Watu wa chini pale wanafanya kazi. Hasira yangu ni kwa ofisi yenye kiyoyozi.

Mimi ni mzaliwa wa huku, katika miaka michache nimeshuhudia wafawidhi watatu pale. Kila mmoja anaanza vilevile: kikao na watumishi, ziara ya wodini na wapiga picha, "tutabadilisha taswira ya hospitali yetu". Baada ya hapo tunachoambiwa ni majengo, mashine na makusanyo. Makusanyo nayaelewa, ndiyo yanayonunua dawa na kulipa vibarua, bila hayo hospitali inakwama. Lakini angalieni yanachofanya kwa akili za watu: dirisha la malipo lina watumishi watatu siku ya Jumamosi, ustawi wa jamii hakuna hata mmoja. Wa kupokea hela yupo wikiendi, wa kumsamehe asiye na hela anapumzika. Huo hauwezi kuwa upungufu wa watumishi, kuna mtu alikaa akapanga hivyo na akasaini.

Na ile "wananchi wanaridhika" waliipata wapi? Kuna sanduku la maoni. Nimelitembelea, nilikuwa na muda. Liko ndani, ubavuni mwa mlango wa ofisi ya utawala, yaani unamshtaki mtu huku anakuangalia. Kufuli limeshika kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani. Karatasi hakuna, kalamu hakuna, mdomoni pana utando wa buibui. Kama kuna kamati inayofungua lile sanduku, basi inapitisha mkono ukutani.

Uingereza, ambako hospitali zao za umma nazo zina bodi na wakurugenzi na maneno mengi, waliweka lengo kwamba wagonjwa 95 kati ya 100 wanaofika idara ya dharura wawe wamelazwa, wamehamishwa au wameruhusiwa ndani ya masaa manne. Hawalifikii. Kitaifa hawajalifikia tangu 2015. Lakini kila mwezi takwimu zinatoka hadharani, hospitali kwa hospitali, mtu anasoma ya kwao na kumbana mkurugenzi kwa namba. Simwombi Mfawidhi utajiri wa Uingereza. Ninachotaka ni ubao pale getini na chaki: jana mgonjwa wa dharura alisubiri wastani wa masaa mangapi. Chaki bei gani? Na pembeni aandike jina la kiongozi wa zamu ya wikiendi na simu yake, kwa sababu Jumamosi nzima nilipouliza mkubwa ni nani hapa nilionyeshwa milango mitatu na yote imefungwa. Vile vyuma vya kiti cha magurudumu, mchomeleaji yeyote wa mtaani anavirudisha asubuhi moja.

Halafu umlalamikie nani? Kituo kikiwa cha halmashauri, unaambiwa nenda kwa Mkurugenzi. Kikiwa ni cha rufaa ya mkoa, tangu Rais Magufuli alipoagiza mwaka 2017 zitolewe TAMISEMI, ile wizara ya serikali za mitaa, mwenye mali ni Wizara ya Afya, na Wizara iko Dodoma. Mkuu wa mkoa anakuja, anamfokea nesi mbele ya kamera, gari zinaondoka na vumbi, kesho nesi yuleyule yuko peke yake na wodi nzima.

Wale wa "si ungempeleka binafsi", nawaona mnavyokuja. Mkinichangia naenda leo.

Jumatatu daktari wa mifupa alipita. Mfupa umevunjika kwenye shingo ya paja, unahitaji upasuaji, na kwa mtu wa umri ule kila siku anayolala ni hatari ya nimonia na damu kuganda. Alisema mwenyewe, nami nikamheshimu kwa kusema ukweli, kwamba kifaa cha kuweka hakipo, ama tusubiri kije ama apewe rufaa ya MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar. Hiyo safari ni zaidi ya kilomita 450 ukitokea Lindi, na karibu 560 ukitokea Mtwara, mtu amelala chali. Walau barabara inapitika. Wa Kusini mnakumbuka Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, Kilwa pamekatika na mabasi yamelala njiani siku kadhaa. Gari la wagonjwa lipo, ila tumedokezwa "mjiandae na mafuta". Nimeomba waniandikie hilo la mafuta kwenye karatasi. Mpaka sasa karatasi haijapatikana.

Ile barua ya mtendaji, Jumatatu hiyohiyo saa mbili asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni ustawi wa jamii. Ilipita kwa dakika tano, yule mama wa pale alikuwa mwema, akagonga muhuri na kuniambia, "Pole sana, mngekuja mapema." Nikamwambia tumekuja mapema, tatizo nyie mlikuwa bado. Hela niliyolipa Jumamosi hairudi, mfumo hauna sehemu ya kurudisha.

NYONGEZA, Jumanne saa 4 usiku.

Asanteni kwa mliochangia, na wewe uliyeandika kuwa mzee wako alipitia benchi hilohilo mwaka jana, nimekusoma, pole sana.

Leo saa kumi jioni nimepigiwa simu. Sijaandika jina langu humu wala la hospitali, ila Kusini ni kudogo, na nadhani habari ya kanga ilitosha. Mpigaji akasema anatoka ofisi ya utawala ya hospitali. Namba ameipata kwenye faili. Ni ileile niliyoitaja mapokezi, ambayo tangu Jumamosi haijapigwa si kwa majibu ya eksirei wala kwa jingine lolote.

Aliongea kwa adabu. Akasema uongozi umesikitishwa na lugha niliyotumia kipindi hiki ambacho hospitali inajenga taswira mpya, akaniuliza uzi nitaufuta lini. Nikamwambia sawa, tuzungumze, lakini kwanza nitajie jina lako na cheo chako, na uniambie mama yangu amelazwa wodi gani na kitanda namba ngapi. Akasema nisubiri kidogo aangalie.

Nilisubiri dakika kumi na moja, nilikuwa naangalia saa. Ikakatika. Nimepiga mara tatu, haipokelewi.