MJADALA: Belo linauzwa limefungwa, takataka iliyomo ndani ailipe nani?

Wadau, naleta hii mada kwa sababu mjadala wa mitumba kila ukianza unakwama palepale, huyu anasema pigeni marufuku zinaua viwanda vyetu, yule anasema mkipiga marufuku mnatuua sisi tunaokula humo, na mwisho wa siku hakuna anayemgusa mtu aliyefunga lile belo huko lilikotoka. Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri. Mtumba wenyewe sina ugomvi nao, umenilipia ada ya wanangu. Ugomvi wangu ni kwamba mnunuzi ananunua asichokiona, muuzaji wa kwanza hajulikani, na hasara yote anabaki nayo mtu wa mwisho. Mimi nataka aliyefunga belo ajulikane kwa jina na agharamie uchafu aliotuletea.

Kwa asiyejua inavyokwenda, unaenda kwa muuza jumla unakuta mabelo ya kilo 45 yamebanwa na mikanda, juu kumebandikwa karatasi imeandikwa "nguo za watoto daraja la kwanza", au herufi tu na namba, basi. Huruhusiwi kufungua. Unalipa, unatafuta mkokoteni, ukishakata mikanda limekuwa lako na chochote kilichomo. Mimi nauza nguo za watoto na kuna belo moja mwaka huu limenichoma sana moyo, nilitoa laki nne na nusu, kufungua nakutana na majaketi ya theluji, masweta yaliyofuliwa na maji ya moto mpaka yakaganda kama zulia, suruali hazina zipu, fulana zina madoa ya rangi ya ukutani, na kuna kijigauni mkono mmoja ulishakatwa na mkasi kabisa, yaani kuna binadamu alikaa akakata akaona hiki nacho kiende Afrika. Watoto wa Dar na hili joto nani anawavalisha jaketi la theluji? Nikatenga ya kuuza bei yake, ya kupiga mnada jero jero, na ya kutupa, na fungu la kutupa ndio lilikuwa kubwa. Narudi kwa muuza jumla ananijibu dada hiyo ni bahati yako, na mimi nimelinunua limefungwa vilevile. Na kwa kweli hakudanganya, ndivyo lilivyomfikia. Sasa anayezoa taka pale sokoni analipwa na mimi, sio na aliyefunga belo.

Alafu kitu kingine. Geuza nguo yoyote ya hilo fungu la kutupa, kwenye shingo lebo ipo. Jina la kampuni lipo, nchi iliposhonwa ipo, kitambaa kimeandikwa poliesta asilimia ngapi. Kwahiyo mwenye nguo anajulikana, hakuna aliyemwita tu.

Kumbukeni Rana Plaza kule Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la ghorofa lenye viwanda vya nguo, nyufa zilionekana siku moja kabla, benki na maduka ya chini wakafunga, mafundi wa juu wakaambiwa kesho rudini kazini. Likaanguka, watu 1,134 wakafa. Na baada ya hapo kuna makampuni yalikana kwamba hayashoni mule, mpaka wanaharakati wakapekua kwenye kifusi wakatoa lebo na makaratasi ya oda. Mei ya mwaka huohuo yakaanza kusaini mkataba wa usalama wa viwanda wenye nguvu ya kisheria, ukaguzi ukafanyika na matokeo yakawekwa hadharani kiwanda kwa kiwanda. Lebo ndio iliwabana. Sasa kama lebo inaweza kumbana mtu mahali nguo inaposhonwa, inashindikanaje mahali inapotupwa?

Ufaransa tayari wana utaratibu tangu 2007, kampuni inayoingiza nguo sokoni inachangia hela kidogo kwa kila nguo ili ikichakaa kuwe na fedha ya kuikusanya na kuichambua. Safi sana, lakini ile hela inabaki kulekule na nguo inapanda meli. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2025 wamepitisha kwamba nchi zote wanachama ziwe na mfumo wa namna hiyo, na kwamba nguo zilizokusanywa zichambuliwe kabla ya kusafirishwa nje. Mimi nauliza, mchango uliolipiwa nguo usiifuate nguo mpaka inapoishia kweli? Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Gikomba:

Mimi nauza jeans hapa soko la Gikomba, Nairobi, na nimesoma yote. Dada umeongea ukweli kuhusu bale, hata sisi tunafungua unapata kamera, yaani zile nguo safi kabisa, kidogo hapo juu, chini yote ni fagia, zile mbovu. Lakini mnaogopesha watu. Hii story ya "taka" tumeiona ikitumiwa kutumaliza. 2023 kuna ripoti ilitoka ya shirika moja la Ulaya, Changing Markets, wakasema kama nguo moja kati ya tatu zinazoletwa Kenya ni taka ya plastiki, na kila gazeti ikaandika. Hapa sokoni wengi tunakataa hiyo hesabu. Fagia pia iko na mtu wake, kuna wa kununua akauze estate bei ya chini, kuna wa kukata fulana za pamba zikuwe vitambaa vya kufutia mashine kwa garage, kuna wa kutoa zipu na vifungo apelekee fundi. Kinachobaki kutupwa si kama vile wanasema. Ndio, iko, na ukitembea hapo kando ya mto utaiona, sikatai.

Ya pili, mkiweka hiyo ada mnadhani nani atalipa? Importer ataongeza kwa bei ya bale na mimi ndio nitalipa. 2020 serikali ilisimamisha mitumba kuingia kutoka mwisho wa Machi mpaka Agosti juu ya corona, na hiyo miezi hakuna kampuni ya Ulaya ilikuja kuuliza tunakula nini. Na ya mwisho, mzigo mwingi siku hizi unatoka China. Sheria ya Brussels, hiyo ya Umoja wa Ulaya, itamfanya nini mtu amefunga bale Guangzhou?

Mchangiaji, Mwanza:

Mnazunguka sana. Mzee wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa Mwanza, mimi nimekua naona watu wanatoka shifti wanajaza barabara. Mutex ilikuwa Musoma, Urafiki ipo Dar ilijengwa na Wachina miaka ya sitini, leo tunahesabu magofu. Pamba tunalima sisi, Shinyanga, Simiyu, huku kwetu, na sehemu kubwa inaondoka nyuzi ghafi alafu inarudi ikiwa fulana iliyovaliwa na mtu mwingine. Hiyo ni akili kweli? 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana ifikapo 2019 mitumba iishe. Wamarekani wauza mitumba wakalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kuondolewa AGOA, ule mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya akakimbia wa kwanza, sisi na Uganda tukafuata. Rwanda peke yake ndio alisimama, ushuru akautoa senti 20 ya dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, 2018 Trump akamfungia nguo zake zisiingie Marekani bila ushuru na bado hakurudi nyuma. Nyinyi mnaomba mtupaji awalipe hela ya taka. Mimi sitaki hela yake, namwambia usilete.

Mleta mada:

Kaka wa Mwanza nakuheshimu na hilo la pamba linaniuma hata mimi. Ila Mwatex na wenzake hawakufa kwa ajili ya mtumba peke yake. Mashine zilikuwa zimechoka, umeme wa mgao, madeni, alafu miaka ya themanini mwishoni na tisini milango ikafunguliwa kila kitu kikaingia kwa wakati mmoja. Mtumba ulikuta kiwanda kipo kitandani tayari. Na tukiufunga leo nani anajaza nafasi? Nenda Kariakoo uone, nguo mpya za bei ya chini kutoka China zimejaa, poliesta tupu, unafua mara chache inafumuka. Fundi wa Mwanza hatafaidika chochote kama hatutagusa na hizo.

Na hata kiwanda kikiwa cha kwetu bado nitauliza maswali yaleyale. Kuna viwanda vya Athi River Kenya vinashona kwa ajili ya soko la Marekani tangu hiyo AGOA ilivyoanza 2000, suruali inauzwa bei kubwa huko, je dada aliyekaa kwenye cherehani anapata ngapi, anashona ngapi kwa saa, anaenda chooni kwa ruhusa ya nani? Rana Plaza ilikuwa ndani ya Bangladesh na wafanyakazi walikuwa Wabangladeshi. Uwazi naoutaka usiishie kwa mzungu.

Ndugu wa Gikomba, hofu yako ya ada naielewa na hapo umenigusa. Kama ni ya kukatwa pale Mombasa au Dar kwa kila kontena, ni kweli itashuka mpaka kwetu. Ndio maana nasema ikatwe nguo inapouzwa mpya dukani huko kwao, ambapo mwenye jina lake kwenye lebo bado anapata faida. Hilo la China bado nalifikiria, nitarudi.

Mchangiaji, Uholanzi:

Habari zenu. Nipo huku Uholanzi na nimewahi kufanya kazi kwenye ghala la kuchambua nguo, ngoja niwape picha. Watu wanaweka kwenye makontena ya barabarani wakiamini zinaenda kwa maskini bure. Zinauzwa. Zinapita kwenye mkanda, umesimama, unashika nguo unaangalia kwapa, shingo, zipu, unatupa kwenye kapu lake, ni sekunde chache tu kwa kila moja, jioni mabega hayana kazi. Zile nzuri kabisa zinabaki hukuhuku maduka ya vintage, zinazofuata nyingi zinaenda Ulaya Mashariki, nguo nyepesi ndio kapu la Afrika, mbovu zinakuwa vitambaa vya kufutia mashine au kusagwa.

Sasa sikilizeni kitu ambacho watu wengi hawakijui. Nguo iliyooza huku kuitupa ni gharama, kuichoma lazima ulipe kwa tani. Lakini ukiichanganya ndani ya belo inauzwa kwa kilo. Unaona mwenye ghala anavyopata kishawishi? Wapo waaminifu wanaochambua vizuri kwa sababu wanataka mteja arudi, na wapo wasiojali. Na kila mwaka kazi inakuwa ngumu kwa sababu nguo zinazoingia ni mbovu zaidi, hizi za mitandaoni za bei ya kahawa, ikifika kwenye mkanda ilishaharibika kabla hata haijavaliwa vizuri.

Mleta mada:

Hapo hapo! Ndugu wa Uholanzi asante sana maana umeweka hesabu mezani. Kule kutupa ni gharama, ndani ya belo inageuka mauzo. Kwahiyo ile laki nne na nusu yangu, sehemu yake nilikuwa namlipia mtu gharama ya jalala lake, tena na nauli ya meli juu. Mimi, muuza nguo za watoto wa Ilala, ndio namlipia mwenye ghala la Ulaya kutupa takataka. Sasa nani kati yenu ataniambia hilo ni suala la bahati?

Na hili linanirudisha kwenye China, maana kishawishi ni kilekile popote belo linapofungwa. Kwahiyo sheria ya Brussels ije, ila sisi tusiisubiri. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tuna Tume ya Ushindani, na sheria hiyo inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa. Belo likiandikwa daraja la kwanza alafu ndani kuna gauni limekatwa mkono, huo ni udanganyifu wa bidhaa kama udanganyifu mwingine wowote, haijalishi lilifungwa Rotterdam au Guangzhou, aliyeliingiza yupo hapahapa mjini ana leseni na ofisi. Na yeye akibanwa atambana aliyemuuzia. Nataka kila belo liwe na karatasi inayosema nani kalifunga, nchi gani, lini, ni nguo za aina gani na za msimu gani, na mnunuzi akikuta kisichoendana awe na haki ya kurudisha au kupunguziwa. Kontena likifika yafunguliwe mabelo machache ya kuokoteza tu, matokeo yabandikwe na jina la aliyeingiza.

Najua mtaniambia kuhusu kutekeleza, maana TBS, shirika letu la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba na bado zinauzwa mchana kweupe. Ni kweli. Lakini ile marufuku ilimkuta muuzaji na mnunuzi wote wanataka bidhaa, hakuna wa kwenda kushtaki. Hapa mnunuzi ndiye anayelia, atashtaki mwenyewe akijua pa kwenda na akiwa na karatasi mkononi. Tofauti ni kubwa.

Mchangiaji, Gikomba:

Hiyo ya karatasi na kurudisha naweza unga mkono. Ada bado sina imani nayo. Lakini jua wholesaler atakataa, atasema ulitoa kamera ukaficha ukamrudishia fagia.

Mleta mada:

Hoja ya haki kabisa, na wezi wa namna hiyo tunao. Labda lifunguliwe palepale ghalani mbele ya wote wawili, linapigwa picha, mkitoka nje ya geti hakuna madai tena. Huku wapo wanaochanga watu wanne watano wananunua belo moja na kulifungua pamoja, kwahiyo mashahidi sio shida.

Nabaki na swali kwa wanaoagiza kontena, najua mpo humu na mnasoma kimya kimya. Mnapoagiza, kwenye ankara yenu kumeandikwa nini? Mnaambiwa asilimia za madaraja, au na nyinyi mnapewa uzito na bei tu? Mkiletewa mzigo mbovu mnarudishiwa hela? Semeni hata bila kutaja kampuni.