Mjadala: Je, fedha zinazotumika katika ujenzi ni kipimo cha kuaminika cha uchumi?

Mtoa mada: Kila Idara ya Sensa ya Marekani inapotoa takwimu zake za mwezi za matumizi ya ujenzi, wapo wachambuzi wanaozipokea kama hukumu juu ya mwenendo wa uchumi wote. Mimi napinga. Takwimu hizo huhesabu thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei za wakati huohuo, bila kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Hivyo mbao zilipovunja rekodi ya bei Mei 2021, gharama iliongezeka hata pale ambapo hakuna chumba kimoja kilichoongezwa. Isitoshe, zinachelewa: za Januari hutarajiwa mwanzoni mwa Machi, kisha hurekebishwa. Anayetaka kujua tunakoelekea atazame vibali vya ujenzi, maana kibali hutangulia msingi.

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, kuhusu bei sina ubishi, lakini unailaumu takwimu kwa kosa la wasomaji wanaoishia kwenye jumla. Ujenzi wa makazi ulifikia kilele mwanzoni mwa 2006 ukaanza kuporomoka, ilhali ule wa majengo mengine uliendelea kupanda hadi ndani ya 2008. Mdororo ulihesabiwa rasmi kuanzia Desemba 2007. Aliyesoma fungu kwa fungu alipata onyo la zaidi ya mwaka mzima. Vibali navyo ni nia tu: riba ikipanda, mwenye kibali hukosa mkopo na kiwanja kikabaki kitupu. Kazi iliyofanyika, kwa upande wake, imekwisha kulipiwa au inadaiwa, na ndiyo maana wanaokokotoa pato la taifa huitegemea.

Mtoa mada: Hoja ya mafungu naikubali nusu. Baada ya sheria ya Agosti 2022 iliyotoa ruzuku na nafuu za kodi kwa viwanda vya chipu, yaani vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta na simu, matumizi ya ujenzi wa viwanda yaliongezeka zaidi ya maradufu katika muda mfupi. Kiwanda kimoja cha aina hiyo humeza mabilioni ya dola, kwa hiyo miradi michache yatosha kuliinua fungu zima, huku wajenzi wa nyumba wakilemewa na riba. Hapo tumepima uchumi, au tumepima sera?

Mchangiaji: Vyote viwili, kwa kuwa mishahara ya mafundi ni ileile. Ila nakubali kwamba fungu hilo lisisomwe kama dalili ya imani ya wawekezaji kabla ya kujulikana ni kiasi gani kingejengwa bila mkono wa serikali.