Mchezo wa uigizaji wa mezani au wa barua pepe: kundi letu limetawanyika

Kuhani wa Mwanza aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka minne sisi watu watano, pamoja na msimamizi wetu wa mchezo, tumekutana kila Jumamosi jioni hapa Mwanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana hadithi ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimamizi husimulia yanayowakuta, na dadu huamua wanachofanikiwa. Tunacheza toleo la tano, lile lililotoka mwaka 2014. Mwaka huu msimamizi amehamia Muscat kikazi, mwenzetu mmoja amekwenda Toronto kusoma, na miongoni mwetu tuliobaki yumo muuguzi ambaye zamu zake hubadilika kila wiki. Tumejaribu kukutana kwa video mara tatu tukashindwa, kwa kuwa Muscat ikiwa saa nne usiku, Toronto ni saa nane mchana na mwenzetu yuko darasani.

Msimamizi amependekeza tuendelee kwa barua pepe. Ningependa kujua kwa waliowahi kucheza kwa njia zote mbili: je, unabaki kuwa mchezo uleule? Kanuni zipi hulazimika kubadilika? Mhusika wangu ni kuhani mzee niliyemlea tangu ngazi ya kwanza hadi ya saba, na nitaumia sana akifa kwa sababu tu barua yangu ilichelewa kufika.

Msimamizi wa Zamani alijibu:

Ndugu Kuhani, nimesimamia michezo ya mezani na ya barua pepe kwa miaka mingi. Kucheza kwa barua si jambo lililozuka na intaneti. Rick Loomis wa Marekani alianza kuendesha mchezo wa kivita kwa posta mwaka 1970, miaka minne kabla Gary Gygax na Dave Arneson hawajatoa Dungeons & Dragons ya kwanza.

Kinachobadilika kuliko vyote ni muda. Katika toleo mnalocheza, raundi moja ya pambano, yaani kila mmoja kupata zamu yake mara moja, ni sekunde sita za ulimwengu wa hadithi. Mezani watu watano huimaliza kwa dakika chache, kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake na zamu hupita kwa kutupiana macho. Kwa barua pepe, ikiwa kila mchezaji atamsubiri aliyemtangulia na kujibu baada ya siku moja, raundi hiyohiyo itachukua siku tano, na pambano la raundi sita litakula mwezi mzima. Nimeona kampeni nzuri, yaani hadithi ndefu za mchezo, zikifia hapo, katikati ya vita na mazimwi wanne tu, wachezaji wakiacha kuandika mmoja baada ya mwingine.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha zamu za mtu mmojammoja. Wote watume nia zao kwa pamoja ndani ya saa 48, na nia hizo ziandikwe kwa masharti. Wewe kuhani, kwa mfano, usiandike tu kwamba unampiga zimwi kwa rungu. Andika kwamba unampiga zimwi aliye karibu na mlango, lakini mwenzako yeyote akianguka utaacha kupigana na kumponya kwanza, na kwamba uchawi wako ukibaki wa mara moja tu utautunza kwa ajili ya mwanafunzi wako. Msimamizi akishapata barua zote, arushe dadu na kuandika raundi nzima, hata mbili, katika masimulizi mamoja.

Angalieni pia uchawi unaotumika papo hapo wakati adui anashambulia. Uchawi wa ngao humwongezea mchawi pointi 5 za kinga pale anapopigwa, na mezani yeye hukatiza tu maneno ya msimamizi na kusema anautumia. Kwa barua hakuna kukatiza. Ni lazima mchawi wenu atoe ruhusa mapema, aseme utumike kwa pigo la aina gani na mara ngapi, la sivyo atakuwa amepoteza nusu ya nguvu zake.

Binti wa Pangani alijibu:

Shikamoo Msimamizi. Nakubaliana nawe kuhusu mapambano, ila kaka Kuhani asije akadhani anakwenda kwenye mchezo uliopungua. Kundi letu lilipohamia kwenye barua, dada mmoja ambaye mezani alikuwa akisema maneno matatu kwa jioni nzima alianza kuandika kurasa mbili za mawazo ya mhusika wake, nasi tukagundua kwamba kumbe ndiye aliyekuwa na mhusika mwenye uhai kuliko wote. Mezani anayewahi kusema ndiye husikika. Kwa barua kila mtu ana nafasi sawa.

Siri nazo hukaa. Mezani msimamizi akimwita mtu pembeni, wote wanajua kwamba lipo jambo, lakini barua anayopelekewa mmoja wetu peke yake haionwi na mwingine. Mwenzetu aliyeigiza mwizi aliwahi kuficha kwa miezi mitano kwamba mhusika wake alikuwa akimtumikia adui.

Na lugha je? Tulipokuwa tukizungumza, nusu ya maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vitabu vilivyoandikwa. Tulipoanza kuandika, tulilazimika kutafuta maneno yetu wenyewe, na mapango na majoka yakaanza kusimuliwa kama hadithi za bibi.

Mpiga Dadu alijibu:

Nyongeza fupi: ukitafuta michezo ya barua pepe mtandaoni utakutana pia na michezo ya aina nyingine kabisa. Atlantis, iliyoanzishwa na Russell Wallace mwaka 1993, ni ya kifantasia, lakini amri za wachezaji husomwa na programu ya kompyuta, ambayo hurudisha ripoti ya zamu. Humo unaongoza vikosi na kujenga himaya. Ni mchezo mzuri, ila haumfai kuhani wako.

Kuhani wa Mwanza aliandika:

Nawashukuru nyote. Yamebaki mawili yanayonitia wasiwasi: tutaziaminije dadu tusizoziona, na tufanye nini mtu akinyamaza?

Msimamizi wa Zamani alijibu:

Zipo huduma za mtandaoni zinazorusha dadu na kuwatumia wote matokeo kwa barua pepe. Zitumieni katika mambo mazito, hasa mhusika anapoanguka na kuanza kurusha dadu ya pande 20 ili kuokoa uhai wake, maana hapo anahitaji 10 au zaidi, na akikosa mara tatu kabla ya kupata mara tatu, amekufa. Jambo kama hilo lisifanyike kwa neno la msimamizi pekee, hata awe mwaminifu kiasi gani. Lakini sitakudanganya: ule ukimya wa watu sita walioinama juu ya dadu inayobingirika mezani hautaupata kwenye barua.

Kuhusu anayenyamaza, kubalianeni kabla ya barua ya kwanza kwamba saa 48 zikipita, mhusika wake atajilinda na kufuata wenzake, bila kutumia mali yake wala uchawi wake wa thamani. Mtu asiuawe akiwa kimya; atolewe kwanza kwenye hatari, kwa jeraha au kwa kutekwa. Mwombe msimamizi wenu aiandike kanuni hiyo, nanyi nyote mjibu kwamba mmeikubali, muuguzi wenu akiwa wa kwanza kuulizwa kama saa 48 zinamtosha.

Kuhani wa Mwanza aliandika:

Muuguzi ameomba saa 72, na wote tumekubali. Msimamizi wetu atatuma barua ya kwanza Ijumaa, na ameahidi kwamba safari itaanzia kwenye jumba la mfalme, ambako kuna maneno mengi kuliko mapanga.