Wauza laptopu za okazyo Lubumbashi, ufunguo wa BIOS mnamwachia nani?

Wakubwa, nisameheni ukali, lakini hawa wauza laptopu za okazyo, zilizokwisha kutumika, wametuzoea.

Nilichukua laptopu kwa mmoja wao, komini ya Kenya (komini yetu, si ile nchi). Core i5, RAM giga 8, kioo safi. Akaniapia: «Patro, hii iko mashini ya Ulaya, haina na shida.» Nikalipa dola zake zote taslimu.

Nilikuwa na haja moja tu, mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayowaka ndani ya kompyuta yako. Kazi yangu ni kuchapa TFC za wanafunzi, zile kazi zao za kumalizia masomo, kwa hiyo Windows siigusi, ndiyo inayoleta unga nyumbani. Lakini najifunza kuendesha seva za Linux, mfumo mwingine tofauti na Windows, na mahali salama pa mazoezi ni ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe: ukiharibu mfumo wa ndani unafuta faili zake, unaanza upya, na Windows haina habari. Nikashusha Debian, aina ya Linux, ile ndogo isiyofika giga 1, maana Ubuntu, aina nyingine, ya karibu giga 6 ingekula forfe yote ya intaneti. Nikaiwasha. Jibu: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED.

Waliokutana nayo wanaijua. VT-x imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows. VT-x ndiyo sehemu ya prosesa za Intel inayowezesha mfumo mmoja kuendesha mwingine ndani yake. Ipo tangu 2005, kwa hiyo hata laptopu yangu inayo. Kwenye video wanasema ni kazi ya dakika: zima, washa, bonyeza F10, ruhusu, hifadhi. Nikabonyeza F10. Ikaniuliza neno la siri!

La nani? La ofisi fulani huko Ulaya, ambayo mafundi wake waliifunga BIOS ili wafanyakazi wasiichezee, kisha siku ya kuziondoa kompyuta hakuna aliyekumbuka kuifungua. Na muuzaji wetu? Yeye aliweka Windows mpya, akafuta vumbi, akapandisha bei.

Nikamrudia. «Windows inawaka? Basi iko bien.» Nikamfungulia, nikamwonyesha. Akasema mambo ya BIOS si yake, garanti ni ya kuwaka tu. Yaani nimeuziwa nyumba ambayo chumba kimoja ufunguo wake uko Ubelgiji, au Ujerumani, mwenyewe hata hajui!

Sasa najua majibu yanayokuja, kwa hiyo tusipotezeane mega.

«Toa ile betri ndogo.» Kwenye desktopu inaweza kusaidia, na baadhi zina kijipini cha kufutia neno la siri kwenye bodi. Laptopu nyingi za ofisi hulihifadhi kwenye chipu isiyohitaji umeme. Hata ukiiacha bila betri hadi mvua zirudi, neno litakuwepo.

«Weka VirtualBox ya zamani.» Kweli, kabla ya toleo la 6.1, la Desemba 2019, iliweza kufanya kazi bila VT-x. Lakini kwa mifumo ya biti 32 tu, na seva ninazojifunza ni za biti 64.

«Tumia QEMU.» Nayo ni programu ya mashine pepe, na inakubali, ila bila VT-x inatafsiri amri za prosesa kwa programu, polepole mno. Na delestaji zetu hizi za kukatiwa umeme, betri ya okazyo inakufa Debian ikiwa bado inajisakinisha.

«Gawa diski, weka mifumo miwili.» Mteja amesimama na TFC yake mkononi, mimi nazima Linux ili nirudi Windows? Na nikikosea kugawa, kazi za watu zimepotea. Hapana.

Kwa anayetaka kununua: palepale dukani, kabla hujatoa pesa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye Performance, uguse Processeur (CPU). Ukiona Virtualisation: Désactivé, yaani VT-x imezimwa, mwambie muuzaji aingie BIOS mbele yako aiwashe. Akianza hadithi, ondoka. Na ninyi wauzaji mnaosoma hapa, hilo ni jambo la dakika mbili kwa kila mashine kabla ya kuipanga mezani. Iliyofungwa, semeni imefungwa na mshushe bei!

Fundi mmoja anataka dola 40 aandike upya chipu ya BIOS. Nimemuuliza kama ameshafanya, akasema «tutajaribu». Kwa mashine inayonilisha sijaribiwi. Kama kuna mtu hapa mjini aliyefanyiwa kazi hiyo na laptopu ikawaka, aniandikie ni fundi wa wapi.