Kikundi cha mtaa: namba ya watoto

Mama Tausi: Jamani, kwa mtoto anayeteswa ni 116 au 112?

Mwl. Komba: 116. Ni saa 24, hata simu isiyo na salio inapiga. 112 ni polisi, kama anapigwa muda huu huu.

Mama Tausi: Na kama ni vilio tu, ushahidi hakuna?

Mwl. Komba: Piga. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka yeyote mwenye taarifa aifikishe serikali za mitaa. Kupeleleza si kazi yako. Jina lako unaweza kutolitaja.

Neema Ustawi: Kinachokwamisha sana ni mahali. Mtu anasema "Mbagala, karibu na msikiti". Misikiti mingapi? Taja kata, mtaa, mjumbe, na alama: geti la bluu, mashine ya kukoboa. Kadiria umri. Sema pia kama mtoto atalala nyumba moja na anayemtesa usiku huu, hilo ndilo linaloamua haraka ya kumfuata. Andika saa uliyopiga, utaihitaji ukifuatilia.

Baba Salma: Mtoto mwenyewe anaruhusiwa?

Neema Ustawi: Ni yake hasa! Wengi hupiga wakanyamaza, au wakacheka na kukata. Wanapima kama watafokewa. Ukimkuta amepiga, usimgombeze.

Nesi Rehema: Akiwa amebakwa asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Zitieni mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki unyevu unaozesha ushahidi. Dawa za kuzuia VVU mwisho saa 72 tangu abakwe, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. PF3, ile fomu ya matibabu, inatoka polisi, ulizeni hapo Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate.

Baba Salma: Wazee wakitaka yaishe kifamilia?

Neema Ustawi: Hapana, Baba Salma. Ni jinai, hakuna wa kumsamehe mtu kwa niaba ya mtoto. Hela ikishapokelewa, mtoto anapelekwa kwa shangazi mkoani na kesi inakosa shahidi. Na mtoto msimhoji, kila mtu kwa zamu yake. Aliyoyasema andikeni kwa maneno yake mwenyewe, mwachieni hapo.

Mjumbe: Picha wala jina la mtoto visipite humu.

Mama Tausi: Sawa. Mjumbe, ile nyumba ya nyuma ya…

Mjumbe: Usiandike, mama. Nipigie sasa hivi.