Wanaotoa ushauri nasaha kwa simu, mtu akinyamaza mnafanyaje?

Hedifoni_Usiku
Wakuu habari za mida hii. Naomba wenye uzoefu mnisaidie maana nina wiki ya tatu kwenye hii kazi na usingizi umenikimbia hata siku za ofu. Nimesomea ustawi wa jamii, fildi nimefanya hospitali ya wilaya, huko mtu anakaa mbele yangu namwona mikono inavyotetemeka, namwona anavyokwepa macho, nampa maji ya kunywa, mambo yanaenda. Sasa nimepata kazi kituo cha simu, hedifoni kichwani, zamu ya saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi, na nimegundua nusu ya nilichokuwa nakijua kilikuwa machoni.

Juzi saa nane usiku kaingia mdada, kasema "halo" kanyamaza. Nikamwambia karibu dada nakusikiliza. Kimya. Nasikia kama feni hivi inazunguka kwa mbali. Nikaanza "halo? halo? unanisikia?" kama mtu anayetafuta netiweki, akasema "nakusikia" taratibu kabisa halafu akakata. Namba ilikuwa imefichwa. Namuwaza mpaka leo. Supavisa kaniambia tu "utazoea", kaendelea na chai yake.

Kingine ni wazee. Alipiga baba mmoja sauti ya mtu mzima kabisa, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, basi kuanzia hapo yeye ndo akawa mshauri, umekula mwanangu, umeolewa, kwenu wapi. Dakika 20 na kilichompigisha simu hakukisema. Na la mwisho, mtu akisema "nimechoka" utajuaje huyu kachoka kama tunavyochoka wote na yule kachoka kwa maana nyingine?

kibopa_wa_mtaa
Nimeweka kambi hapa.

MamaZamu
Mdogo wangu pole na karibu kwenye kazi ya masikio. Nimekaa kwenye simu miaka tisa, nyingi kati ya hizo ni simu za watoto na wazazi wao.

Hiyo "halo halo" tuache wote. Sisi tumekua na simu zinazokatika, mtu akinyamaza sekunde tatu tunajua netiweki imeondoka tunaanza kupiga kelele, ni mazoea. Lakini kwa huyo wa saa nane usiku halo halo yako aliisikia kama unamuuliza "unasema au husemi?" Mimi nasema maneno machache tu, nayarudia bila haraka: "Nipo. Sijakata. Hatukimbizwi." Kisha nanyamaza na mimi ila sio kimya cha kaburi, navuta pumzi kidogo asikie kuna mtu, baada ya muda "nipo hapa". Kuna simu moja nilisema "nipo" labda mara kumi, ndo yule mama akaanza kulia, na kulia kwake ndo ilikuwa sentensi ya kwanza.

Akishaanza kusema usimwache na ukimya wewe. Ana kwa ana ungetikisa kichwa, kwenye simu kutikisa kichwa hakusikiki, kwahiyo ni "enhe", "mmh", "pole", "ikawaje". Ukikaa kimya kama mwanafunzi mzuri anadhani umemwacha hewani.

Halafu sikiliza chumba, sio sauti yake tu. Anang'ong'ona? Mlango umefunguliwa? Sauti imebadilika ghafla ikawa ya furaha? Hapo kuna mtu kaingia. Mwambie mapema kabisa, "kama hauko peke yako nijibu ndio au hapana tu, maswali nitayapanga mimi". Na mkubaliane uongo mdogo, akitokea mtu atasema anaongea na nani. Wangu wengi walikuwa "wanaongea na katibu wa kikoba", mpaka nikaanza kujiona katibu kweli, "haya mama hisa zako tutaongea kesho". Usicheke, kuna wanawake simu zao zinakaguliwa kila jioni. Na kabla hajakata mkumbushe namba imebaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, aamue mwenyewe aifute au aiache.

Kingine cha mwanzo kabisa kabla hata hujajua shida, muulize simu ikikatika nimpigie? Saa hiyo hiyo? Na akipokea mtu mwingine nijitambulishe nani? Chaji inaisha, simu ni ya jirani, mtu yupo chini ya mwembe ndo penye netiweki. Laini ya 116 ya watoto ni bure lakini sio laini zote ni bure, mtu anakubipu mara moja na hiyo bipu ndo salio lake lote la ujasiri.

Kuhusu yule mzee, shikamoo usiiache utaonekana huna adabu na atakata. Ila baada ya marahaba usimwachie yeye usukani. "Mimi nimekula baba, ahsante. Na wewe baba, umekula leo? Unakula na nani?" Hapo utasikia. Mzee mwanaume hatakwambia "nina huzuni", atakwambia tangu mama yenu atutoke chakula hakina ladha.

Njaro_tu
Mi nitasema ukweli hata mkinishambulia. Hizi ni kazi za miradi. Mtu ana stresi aende kwa wazazi, kwa shehe, kwa mchungaji, hao wanamjua. Mtoto wa miaka 26 mwenye hedifoni ambaye hajanijua mimi na ukoo wangu atanisaidia nini usiku wa manane?

deiwaka
@Njaro_tu mimi nilipiga mkuu, nakuelezea bure.

Nilikopa kwenye hizi aplikesheni za simu, nikakopa ya pili kulipa ya kwanza, unajua inavyoendaga. Ikafika wakaanza kutuma meseji kwa watu wote niliowasevu, mpaka bosi, mpaka mama mkwe, "mwambie fulani alipe ni tapeli". Shehe wa mtaa wetu ni baba yangu mdogo. Mchungaji wa mke wangu kanikopesha yeye mwenyewe. Hao wanaonijua ndo hao hao nilikuwa nawakimbia, sasa niende kwao nikaseme nini? Nilipiga nikiwa chooni, bomba nimelifungua maji yatiririke mke asisikie. Aliyepokea alikuwa kijana mdogo tu, alinisikiliza hakunikatisha, nilipomaliza akaniuliza "kaka, unafikiria kujiua?" Hivyo hivyo. Nilikasirika sekunde moja halafu nikasema ndio. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo neno kwa mdomo wangu. Hakunipa hotuba ya Mungu hapendi. Aliniuliza usiku huu nani yupo nyumbani, na kile nilichokuwa nimekipangia kipo wapi, akaniomba nikitoe nimpe jirani nikiwa bado nipo kwenye simu. Nikampa jirani, nikamdanganya aniwekee tu mpaka kesho. Kesho yake saa nne asubuhi yule kijana kanipigia kama alivyosema.

Deni halikufutwa mkuu. Nililipa miezi saba. Lakini ndo nakuandikia hapa.

Njaro_tu
Pole sana kaka. Sikujua.

Wambo_Nakuru
Habari zenu, mimi ni wa Kenya, nilianza kushauri kwa simu 2020 ile time ya korona juu kliniki zilifungwa na wateja wangu hawangeweza kuja, nikadhani ni ya miezi mitatu, sijawahi kurudi ofisini kabisa kabisa.

Deiwaka amejibu lile swali la "nimechoka" kuliko mimi. Unauliza. Hakuna njia ingine. Watu wengi wanaogopa ati ukitaja kujiua utamtia wazo kwa kichwa, hiyo si kweli, imefanyiwa utafiti miaka mingi, kuulizwa humpunguzia mtu mzigo. Lakini hapa Kiswahili chetu kinatuangusha, juu tunapenda kuzunguka. Wengi wanafunzwa kusema "una mawazo ya kujidhuru?" na mtu anajibu hapana na anasema ukweli, juu hataki kujidhuru, anataka kufa. Ni vitu viwili. Sema neno lenyewe, kwa sauti ya chini, bila kushtuka. Na ujue venye watu wetu husema: nataka kupumzika, nimewaachia Mungu watoto, sitawasumbua tena, mtanikumbuka. Mtu akianza kukupatia maagizo ya watoto, pin ya M-Pesa na ng'ombe ni ya nani, usisubiri aseme amechoka.

Hofu ingine ni polisi. Huku kwetu Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile cha kushtaki mtu kwa kujaribu kujiua, kinaenda kinyume na Katiba. Lakini wanaopiga hawasomi hukumu, bado wananiuliza "utaniripoti?" Kwenu Bara nadhani kifungu cha 217 ndicho hicho hicho. Kwa hivyo mambo ya siri nayasema mwanzo na siahidi uongo: nakuwekea siri, isipokuwa nikiona maisha yako ama ya mtoto yako hatarini usiku huu, hapo nitatafuta mtu wa kukufikia na nitakwambia kabla sijafanya. Ukiahidi siri ya asilimia mia halafu uvunje, hatawahi kupiga tena, wala ndugu zake.

Kwa mwenye anasoma hii akiwa Kenya na hali ni mbaya, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, mtoto ni 116, zote bure.

mswahili_Leicester
Niongezee kidogo kutoka huku Uingereza, najitolea Samaritans, laini ya simu ya kusikiliza watu waliokata tamaa, usiku mmoja kwa wiki. Hawa jamaa walianza 1953, kasisi mmoja anaitwa Chad Varah, kanisa la St Stephen Walbrook pale katikati ya London. Kilichomsukuma ni mazishi aliyoongoza 1935, binti wa miaka 14 aliyejiua, alipata hedhi ya kwanza akadhani ni ugonjwa wa zinaa, hakuwa na wa kumuuliza. Unaona ilivyo, shida yenyewe ilikuwa ya kujibiwa kwa dakika mbili.

Sasa sehemu ninayoipenda ni hii, Varah alipotangaza namba watu wakaja wengi, yeye kazidiwa, akawa na watu wa kujitolea wa kuwapa chai wanaosubiri. Wakaanza kugundua watu wanakunywa chai, wanaongea na yule aliyewapa chai, wanaondoka bila kumwona kasisi. 1954 akawaachia hao wa chai kazi ya kupokea simu. Kwahiyo dada ukijiona huna ujuzi wa kutosha kumbuka hii kazi imeanzishwa na wapika chai.

Namba ya huku ni 116 123, ni bure na haitokei kwenye bili ya simu, ila kwenye simu yenyewe inabaki kama alivyosema mama hapo juu. Wengi ninaowapokea wanaanza hivi hivi kwa kimya. Wengine hukata mara tatu nne ndo wanaongea. Kwahiyo yule mdada wako wa feni usimhesabu kama umempoteza, alisikia kuna binadamu, siku nyingine ataanzia hapo.

MamaZamu
@Hedifoni_Usiku nimesahau hili. Huyo supavisa wa "utazoea" usimkubalie. Kila zamu ikiisha dai dakika kumi za kuongea na mtu kuhusu simu iliyokubana, hata kama ni mwenzako wa meza ya pili. Mimi mwaka wa pili nilikuwa narudi nyumbani nasikia simu inaita kwenye maji ya bomba. Na usiende kulala na simu ya mtu kichwani, oga, kula kitu cha moto, ndo ulale.

Hedifoni_Usiku
Ahsanteni sana jamani, nimesoma nikalia kidogo kwenye daladala, kondakta kadhani nimeibiwa.

Usiku wa jana nilipata kimya kingine. Nikasema nipo, sijakata, hatukimbizwi. Nikahesabu moyoni nisije nikaropoka. Jogoo aliwika kule kwake, nikamwambia "nimesikia jogoo wako". Akacheka, kacheko kadogo, akasema huyo anawika saa yoyote hana akili. Tumeongea dakika 40.

Ila kuna jipya. Yule mzee wa marahaba kapiga tena, kamkuta mwenzangu, kakataa kuongea, kauliza "yule mwanangu yupo zamu lini?" Wenzangu wananitania. Nimpe ratiba yangu au vipi?

MamaZamu
Ratiba usitoe, namba yako binafsi ndo kabisaaa. Mwenzako amwambie "baba yupo likizo, ila kaniachia salamu zako na kaniambia nikuulize kama umekula". Ataongea na yeyote. Na wewe ukimpata mwambie mwenyewe kwamba hapo mko wengi na wote ni wanawe, usimwache aifanye simu ya bure iwe nyumba ya binti mmoja, maana siku ukiacha kazi utakuwa umemfiwisha mara ya pili.