Mama mdogo anataka kuacha dozi ya TB, kaambiwa kapona kwa maombi

Wapendwa habari zenu, niko Masasi. Mama mdogo ana TB, dozi mwezi wa pili huu, kikohozi kimekata na mwili umerudi, sasa kwenye maombi kaambiwa ameshapona aache dawa, juzi nimekuta vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga. Nimwambieje bila kumvunja imani?

JIBU: Pole sana ndugu. Asiache jamani! Dozi kawaida ni miezi 6, kikohozi kinakata mapema ila vijidudu bado vimo, akiacha vinaweza kurudi vikiwa sugu, dawa zisivisikie. Dawa ni bure, mrudishe kliniki hata kesho, na nyie mnaolala nyumba moja mkapimwe hasa watoto

JIBU: Mimi mzee wa kanisa, Lindi. Msomee Luka 17, wale wenye ukoma 10 Yesu aliwatuma kwa makuhani, ndio waliokuwa wanathibitisha mtu kapona, basi na yeye kliniki ndio wathibitishe. Hapo Ndanda kwenu watawa Wakatoliki, Wabenediktini, walisali na hospitali wakajenga.

MUULIZAJI: Asanteni mno, shikamoo mzee. Kumbe mkojo mwekundu ndo ulimtisha, nesi kasema ni dawa tu. Leo tumesali, akameza na uji